Watoto Ishirini na Sita na Ngoma Iliyonyamaza

Wale watoto ishirini na sita waliookoka Jumapili moja katika kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, hawakuokoka. Walikuwa wanasubiri rangi.

Nimelikana jambo hili kwa miaka. Nilimkania Pasta. Rais wa korali nilimkania mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa alfajiri, jogoo wa jirani anawika, kwa hiyo msinikumbushe. Hata baada ya wakubwa wa kanisa kuujua ukweli, kwa wazazi na kwa wageni niliendelea kukunja uso wa utakatifu na kusema, "Mambo ya Mungu ni makubwa." Ni makubwa kweli, lakini lile lilikuwa langu.

Sasa nimeacha kazi. Baada ya miaka kumi na sita ya kuchuchumaa, magoti yangu yalijiuzulu kabla yangu. Ninyi vijana mliopokea madarasa ya watoto wadogo mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukichanganya muziki na uchoraji. Mnaiita "mbinu ya Mwalimu". Nitawaeleza. Ila siwezi kuieleza mbinu bila kuueleza uongo, maana uongo ndio uliotupatia chumba.

Tuanze na ujinga wangu, ambao nilikuja nao kwa wingi. Nilisomea ualimu chuo kikuu Bukavu. Niliandika kazi ya kumaliza masomo, kurasa mia moja na zaidi juu ya makuzi ya mtoto mdogo, na katika kuiandika sikumgusa mtoto hata mmoja. Darasa nililopewa Dzaleka lilikuwa baraza nyuma ya kanisa: bati juu, ukuta mmoja, na pande tatu zilizobaki ni upepo. Watoto walikuwa wa miaka minne mpaka sita. Wakongo, Warundi, na wachache wa vijiji vya Wamalawi vya karibu ambao mama zao walisikia kwamba kwetu kuna uji.

Pamoja na darasa nilipewa msaidizi, Espérance, Mrundi aliyeishia darasa la nne la shule ya msingi. Kamati ilisema nimfundishe kazi. Mtaona ilivyokwenda.

Nilikuwa na nadharia. Sauti ya juu ni njano, sauti ya chini ni bluu, wimbo wa haraka ni nyekundu, wimbo wa polepole ni rangi ya huzuni. Niliisoma mahali fulani, na ilikuwa na mchoro wa duara, na kitu chochote chenye mchoro wa duara nilikuwa nakiamini. Siku ya kwanza nikacheza kwenye simu yangu wimbo wa polepole kabisa, nikawawekea watoto vikombe vya rangi, nikakaa pembeni na daftari kuandika huzuni itakavyojitokeza.

Wote walichukua nyekundu. Wakapaka nyekundu mpaka ikaisha, huku wanatikisa mabega na kucheka.

"Divine," nikamwuliza binti mmoja wa miaka mitano aliyekuwa mbele, "huu wimbo unakuambia nini?"

"Keki inakuya," akasema.

Sikuelewa. Espérance alielewa. "Mwalimu, hii njo ile ya harusi. Bwana na bibi wanaingia, hatua moja mbele, moja nyuma, nusu saa hawajafika kwa kiti. Nyuma yao keki na Fanta. Ungeuliza."

"Ningeuliza nani?"

"Batoto. Njo wanaendaka harusi kila Jumamosi. We unabakia kusoma."

Hilo liwe la kwanza kwenu. Kabla hujampa mtoto muziki achore, mwulize aliusikia wapi. Mtoto wa miaka mitano haji darasani na masikio matupu. Mkongo wa Dzaleka akisikia polepole anaona keki. Nilikuwa na mtoto wa Kirundi ambaye akisikia haraka alikuwa anachora ng'ombe, kila mara ng'ombe, na sikujua sababu mpaka nilipomsikia baba yake akimsimulia jinsi babu yake alivyokuwa akiwaimbia. Duara langu la rangi nililigeuza kifuniko cha ndoo.

La pili ni rangi yenyewe. Rangi za dukani hatukuwa nazo, nikasema tutengeneze. Msingi wake ni uji mwepesi wa unga wa mahindi, ule unaobaki ukikwangua sufuria, uchujwe kwa kitambaa. Nyeusi ni mkaa uliosagwa. Nyekundu ni udongo wa shimoni. Njano ni manjano ya kupikia. Zambarau ni maji ya kiazi chekundu kutoka soko la Tsoka, ambako pia nilikuwa nanunua mifuko mitupu ya saruji, tunaichana, tunakung'uta vumbi, tunachora upande wa ndani. Karatasi ya saruji ni nzuri kuliko ya ofisi, maana hainywi maji haraka, na ikichanika haimwumizi mtu moyo.

Nilijivunia sana ule uji. Asubuhi moja nikageuka kuchukua mifuko, niliporudi vikombe vilikuwa vimelambwa vyote. Darasa zima lilikuwa na midomo ya rangi tofauti, kama mkutano wa mataifa.

"Nani amekula rangi?"

Mmoja akajibu, kwa heshima zote: "Mwalimu, ya njano iko muzuri kupita ya nyeusi."

Nilitaka kutia chumvi nyingi ili isilike. Espérance alinitazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha juu ya nguo zilizoanikwa. "Bapatie uji kwanza," akasema. "Kisha bapatie rangi." Tukabadilisha ratiba, uji ukatangulia, na rangi ikaanza kufika kwenye karatasi. Nadharia yangu haikuwa na ukurasa juu ya tumbo. Na kwa sababu mmoja lazima ataonja tu, usiweke kikombeni kitu ambacho usingekiweka kwenye sahani. Bluu ya kufulia nguo niliitupa siku ileile, tukakaa karibu mwaka mzima bila bluu. Mbingu zetu zilikuwa za njano na hakuna aliyelalamika.

Sasa ngoma. Muziki wa simu ulikuwa na kasoro moja: wenyewe unakwenda, haukungoji. Espérance akageuza bidoni, dumu la maji la lita ishirini, akaketi, akaanza kupiga kwa viganja. Huyo mwanamke ana mikono. Alikuwa anaweza kumtazama mtoto mmoja aliyechelewa, akapunguza mwendo kidogo mpaka mtoto akafika, kisha akaongeza tena, na mtoto mwenyewe asijue kwamba amengojwa.

Tulijaribu kuwapa brashi moja kwa moja wafuate ngoma, wakapiga karatasi kama wanaua mende. Tukarudi nyuma. Kwanza mwili wote: simameni, tembeeni ngoma. Kisha mikono mitupu, chora hewani. Kisha kidole kimoja juu ya mgongo wa mwenzako, na hapo mtacheka asubuhi nzima, acheni wacheke. Mwisho kabisa ndipo brashi, ambayo kwetu ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha au kipande cha sponji ya godoro kilichofungwa kwenye kijiti. Ngoma ndefu, mstari mrefu. Ngoma fupi, nukta. Mkirukia brashi kabla ya mwili mtapata mende tu.

Tatizo lilibaki kubadilisha rangi. Mtoto anatoka nyeusi anaingia njano, na baada ya dakika kumi vikombe vyote vina rangi moja, ile ya maji ya kufulia soksi. Nilitunga hotuba juu ya usafi. Espérance alitunga sheria: ngoma ikinyamaza, brosi juu. Mkono wa kulia unapanda, brashi inaangalia bati, hakuna kushuka. Tunapita na kitambaa, tunafuta brashi, tunauliza, "Unataka gani?", anasema rangi yake, tunamwekea kikombe. Ngoma ikirudi, mkono unashuka, kazi inaendelea.

Ilichukua miezi mitano. Mwanzoni walikuwa wanapanda mmoja mmoja kama watu wanaoamka. Mwishoni ungeweza kukata ngoma katikati ya pigo na mikono ishirini na sita ingepanda kama inavutwa na kamba moja. Hawakuwa wanatii. Kutii nakujua, kuna uso wake. Hawa walikuwa wanausikiliza ukimya, na mtoto anayeweza kusikia mahali sauti inapoishia tayari anajua mahali mstari unapoishia. Michoro yao ilibadilika. Walianza kuacha nafasi.

Kisha ikaja Novemba, nami nikaanza kuogopa. Msimu wa mvua uliotangulia ulitufunga kabisa: mvua inapiga barazani pande zote tatu, karatasi ni uji, watoto wanatetemeka. Tulifunga darasa mpaka mvua zilipokwisha. Waliporudi walikuwa wamesahau kila kitu, na saba hawakurudi. Sikuwa na pa kuwapeleka.

Jumapili ile watoto walikuwa wameketi mbele kabisa juu ya mkeka, pamoja, kwa sababu mama zao walikuwa wamezoea kuwaacha pamoja. Pasta alihubiri juu ya kurudi nyumbani. Hilo somo, kwa watu wetu, halihitaji ufundi. Ukitaja tu, watu wameshaanza kutafuta leso. Chini ya sauti yake ngoma ilikuwa inapigwa polepole. Akafika mwisho.

"Nani leo anataka kumpokea Bwana? Asiogope. Anyooshe mkono."

Na mpiga ngoma, ambaye hupenda kutia uzito, akakata ngoma ghafla.

Mikono ishirini na sita ikapanda. Pamoja, bila hata mmoja kuchelewa. Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari. Cha pili, niliona vidole. Mtu anayempokea Bwana hufungua kiganja. Hawa walikuwa wamebana vidole vitatu, na kila ngumi ndogo ilikuwa imeshika brashi ambayo haikuwepo.

"Mwalimu," Espérance akaninong'oneza, "ona vidole."

"Nimeona."

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Sema ni brosi."

Pasta alikuwa ameshashuka kwenye madhabahu, machozi yanamtoka. Ni mtu mwema, niwaambie mapema, hana hila hata ya kumfukuzia mbuzi. Akamwinamia Divine. "Binti yangu, unataka nini?"

Divine akatazama huku na huku kutafuta vikombe. Wiki ile tulikuwa tumepata rangi mpya, ya sombe, yale majani ya muhogo, yaliyotwangwa.

"Kijani," akasema.

Pasta akanyanyuka akahubiri robo saa nyingine juu ya kijani. Alisema kijani ni uhai, ni mvua baada ya kiangazi, ni shamba ambalo hakuna mtu atakayekufukuza. Watu walilia. Hata mimi nililia kidogo, ingawa sababu zetu hazikufanana.

Ningesimama pale pale. Nilikuwa nimeanza kukusanya nguo nisimame. Lakini Pasta akageukia washirika, akasema: "Hawa watoto hawatanyeshewa tena. Kile chumba cha pembeni, cha korali, kuanzia kesho ni chao."

Nikakaa.

Chumba kile kilikuwa na kuta nne. Nawaambia, maana ninyi mliokulia kwenye madarasa mnaweza msione uzito wake. Kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha, na mlango unaofungwa. Ndani yake korali ilikuwa inaweka kanzu zake kumi na nane, za zambarau zenye ukingo wa dhahabu, zilizoshonwa na rais wa korali mwenyewe, Mama Furaha.

Mama Furaha ni fundi cherehani, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti. Alizihamishia zile kanzu chumbani kwake mwenyewe. Aliniambia tulipokutana bombani: "Mwalimu, mume wangu anasema sasa analala na korali muzima."

"Mungu atakubariki, Mama Furaha."

"Tutaona. We unieleze. Hawa batoto walinyoosha mukono juu ya nini?"

"Juu ya neno la Pasta."

"Pasta anahubirika kila juma. Mbona siku zingine banalala?"

"Roho huvuma apendapo," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kati ya zile tatu.

Mvua zilikuja, na ndani ya chumba tulifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Tulibandika mifuko ya saruji ikawa karatasi moja ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Watoto wanne wanne walitembea juu yake na brashi, mmoja akianza mstari na mwingine akiupokea ngoma inapogeuka. Mvua yenyewe tuliifanya ngoma: inapiga bati, wanasikiliza, wanaichora inavyokuja, inavyozidi, inavyochoka. Jaribuni hilo. Halihitaji bidoni wala mwalimu. Nilikuwa na furaha, na kila nilipopita mbele ya nyumba ya Mama Furaha nilikuwa natembea kasi.

Februari, Pasta akaja darasani anang'aa. Kanisa letu lina kanisa mama Lilongwe, pale Area 18, na mkubwa wake, ambaye sisi wote tunamwita Abusa kama Wamalawi wanavyomwita mchungaji, alikuwa amesikia habari za watoto. Alitaka waende kushuhudia. Korali nayo ingeimba.

Pasta alipotoka Espérance hakupiga bidoni. Aliliketia tu.

"Mwalimu, mwambie."

"Tukimwambia tunarudi barazani. Sikia hiyo mvua."

"Nasikia. Lakini we umesoma mingi. Kwa ile chuo, kusema 'nilidanganya' habakufundisha?"

"Hapana," nikasema. "Ni somo la hiari."

Hakucheka.

Tulikwenda na basi la kuazima, watoto ishirini na sita, korali kumi na nane wamevaa kanzu tayari, Pasta mbele na dereva. Tulipopita Capital Hill, penye ofisi za serikali, watoto waliuliza kama yale majumba yote ni makanisa. Area 18 walikuta vigae sakafuni, feni, na kinanda ambacho umeme wake haukatiki. Waliketishwa mbele, kwenye zulia. Nilimwomba Mungu mpiga kinanda awe mtu asiyejua kunyamaza.

Abusa alikuwa mtu mrefu, mpole, anazungumza Kichewa na Pasta wetu anatafsiri. Aliwasalimu watoto. Kinanda kilikuwa kinalia taratibu. Kisha kikanyamaza, na mikono ikapanda.

Kanisa likashangilia. Kinanda kikashangilia pia, mikono ikashuka. Kinanda kikanyamaza, mikono ikapanda. Nikamwona Abusa anakunja kipaji cha uso. Alimtazama mpiga kinanda, akamwashiria kwa kidole: piga. Mikono chini. Akamwashiria: acha. Mikono juu. Akasema, "Chabwino," yaani sawa, kwa sauti ya mtu aliyeelewa jambo na anataka kulifikiria, akaketi. Ningekuwa nimepona. Ungebaki uvumi tu.

Lakini korali ikasimama kuimba.

Korali yetu, niseme kwa upendo, ilikuwa na sauti nzuri kuliko zote Dzaleka nzima na ugonjwa mmoja. Haikuwa inajua kumaliza. Kila mmoja alikuwa anamaliza wimbo siku yake. Ni kama basi limefika kituoni: wengine wanashuka, wengine wanabaki ndani, na Mama Furaha kwa kawaida anapitiliza na noti ya mwisho peke yake mpaka kituo kinachofuata. Nyumbani tulikuwa tumezoea, tuliona ni upako.

Wimbo ukafika mwisho wa kwanza. Soprano wakaacha. Mikono ishirini na sita ikapanda. Alto walikuwa bado, mikono ikashuka. Alto wakaacha, ikapanda. Baba mmoja wa besi akakumbuka kwamba kuna mstari wa kurudia, akaurudia, ikashuka. Akagundua yuko peke yake, akakata, ikapanda. Na hapo Mama Furaha, macho yamefumbwa, akaingia na noti yake.

Mikono haikujua ifanye nini. Ilisimama nusu, ikatetemeka, ikashuka kidogo kidogo. Alipovuta pumzi ikapanda. Alipoendelea ikashuka. Divine, mstari wa mbele, alikuwa amekunja uso kwa bidii ya kazi, anamfuata pumzi kwa pumzi. Kanisa zima la Area 18 lilikuwa halitazami korali tena. Lilikuwa linatazama mikono, na mikono ilikuwa inaonyesha kila kosa, kama fundi anayeweka chaki mahali nguo imekosewa. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Kisha safu yake. Kisha wote, hata Abusa, ambaye alificha uso ndani ya leso na mabega yakamsaliti.

Mama Furaha akafumbua macho.

Njiani kurudi basi zima lilikuwa kimya, na watoto, Mungu awasamehe, kwa kilomita kadhaa walikaa mikono juu. Pasta alitoka mbele akaja kukaa kwenye kiti changu.

"Mwalimu."

"Pasta."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Nikamwambia. Bidoni, kitambaa, vikombe, sheria. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile."

"Hata Divine?"

"Hata Divine."

Akatazama dirishani. "Na kijani?"

"Ilikuwa majani ya sombe, Pasta. Tuliyatwanga Ijumaa."

"Nilihubiri robo saa," akasema, taratibu, kwa mtu asiyekuwa mimi. Kisha akaniambia kwamba kamati itakaa Jumatano, kwamba chumba kilitolewa kwa sababu ambayo haikuwepo, na kwamba Mama Furaha, kwa haki, ataongea wa kwanza.

Kwenye kiti cha nyuma yetu kanzu ya zambarau ilijisogeza. Mama Furaha alikuwa amesikia kila neno.

Jumatatu na Jumanne tulifundisha mvua inanyesha. Nilianza kuviringisha michoro na kuifunga kwa kamba. Espérance alikuwa ananifuata nyuma anaifungua, kwa sababu watoto walikuwa bado wanaitumia. "Bakisema tutoke, tutatoka," alisema. "Habajasema." Jumatano jioni sikupata habari. Alhamisi asubuhi Pasta alipita mbele ya dirisha kwa mwavuli, akanisalimu kwa kichwa, akaendelea. Nilihesabu watoto ambao nilidhani wangerudi mvua zikiisha. Sikufika ishirini.

Saa nane mchana simu ikalia. Mama Furaha. Nikatoka nje chini ya bati ili watoto wasisikie.

"Mwalimu, ni mimi."

"Nimekujua, Mama Furaha. Nisamehe."

"Ile ya kusameheana tutaongea siku ingine, iko murefu. Nikupatie habari ya kamati. Niliongea wa kwanza."

"Pasta aliniambia."

"Nilisema chumba kirudi kwa korali. Nilisema we ni mwongo, tena wa digrii. Wote wakaitika. Mzee mmoja akapiga na meza."

"Sawa," nikasema. "Kesho tutatoa vitu."

"Ngoja, sijamaliza. Njo maana hamujuaka kusikiliza, bantu ba masomo." Nikamsikia anavuta pumzi. "Kisha Pasta akasoma message ya Abusa. Anasema kwa Pasaka turudi. Korali iimbe tena. Tena ile saa ya kanisa kujaa. Mpiga ngoma wetu akauliza: tutarudi, tutamaliza wimbo namna gani?"

"Mkasema nini?"

"Hakuna mtu alijibu. Pale kwa meza, bakubwa wote, kimya. Mi ndo nilijibu." Akanyamaza kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na haraka ya kulijaza pengo. "Nilisema, batoto bale ba miaka tano bananyamaza pamoja. Mi niko na miaka arobaini na saba, sijue. Basi. Nikatoa neno langu. Chumba kinabaki kwako. Ijumaa saa kumi korali inaingia, unatufundisha vile ulibafundisha."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikanibidi nizibe sikio la pili. "Mama Furaha, mimi siwezi kuimba hata kidogo."

"Njo tunajua. Uko kanisani nyuma yangu miaka yote. Kuimba tutaimba sisi. Ule dada Mrundi apige, we ushike vikombe. Tunaanza kwa brosi ama kwa mwili?"

"Kwa mwili," nikasema. "Mnatembea kwanza."

"Sawa. Tutakuya na nguo ya nyumba, kanzu hapana." Nikadhani amekata, lakini alikuwa anazungumza na mtu pembeni, kisha akarudi. "Na vile viti vya batoto uviondoe, Mwalimu. Tuko bantu kumi na nane na hakuna hata mmoja anaenea."